Shajara ya Mradi: Kupitia Majina na Nembo za Ngao kabla ya Barua ya Ufalme

Januari: mipaka ya kazi

Mradi huu unahusu maombi ya majina na nembo yaliyolimbikizana katika tawi letu la Society for Creative Anachronism, chama cha kuigiza maisha ya Zama za Kati kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966. Kila mwanachama hujichagulia mtu wa kubuni aliyeishi kabla ya karne ya 17, akajipa jina linalomfaa mtu huyo, akashona mavazi yake na kuchora ngao yake. Jina na ngao husajiliwa, na kilichosajiliwa hulindwa ili mwingine asikichukue. Ombi huanzia kwa ofisa wa nembo wa tawi, likapanda hadi ofisi ya ufalme (hivyo ndivyo chama kinavyoziita kanda zake kubwa), nayo ikaliweka katika barua yake, yaani barua ya ufalme, likajadiliwa na wajuzi wa falme zote, kisha likaamuliwa na maofisa wawili wenye vyeo vya Pelican kwa upande wa majina na Wreath kwa upande wa nembo, wote wakiwa chini ya ofisa mkuu aitwaye Laurel. Maamuzi hutangazwa kwa barua ya kila mwezi, na anayerudishiwa ombi huelezwa sababu.

Sisi tuko ngazi ya chini kabisa, na hatuna mamlaka ya kusajili chochote. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba ombi linapopanda limeshiba ushahidi, na kwamba mwombaji anabaki na kile alichokitaka kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu. Kabla ya kufungua faili la kwanza tulikubaliana kwamba kila pingamizi litakaloandikwa pembeni mwa ombi litaje kifungu cha kanuni au litaje hati ya kale, na asiye na kimojawapo anyamaze. Makubaliano hayo yalihitajika, kwa sababu wahakiki wengi, hata wale wenye elimu kubwa, hupinga jina kwa kuwa haliwasikikii la kale, au ngao kwa kuwa haiwapendezi. Kanuni tunazozifuata, zijulikanazo kwa kifupi SENA na zilizoanza kutumika mwaka 2012, hazina kifungu cha kupendeza.

Februari: majina

Sharti la kwanza ni jepesi. Jina liwe na sehemu mbili angalau, yaani jina la mtu na jina la pili la kumtambulisha kwa baba, mahali, kazi au sifa, na kila sehemu ithibitishwe kwamba ilitumiwa na watu kabla ya mwaka 1600, au kwa kuvumiliwa, kabla ya 1650. Vyanzo vyetu vikuu ni orodha za kodi, kwa kuwa mtoza kodi hakuwa na sababu ya kubuni majina. Orodha ya kodi ya Paris ya 1292, orodha za London za 1319 na 1332, na daftari la Catasto la Florence la 1427 zimetutatulia sehemu kubwa ya maombi. Kwa Uingereza ya mwisho wa karne ya 16 tunategemea vitabu vya parokia, ambavyo Thomas Cromwell aliamuru viandikwe kuanzia mwaka 1538. Hapo tunasisitiza tahadhari moja: kumbukumbu zilizonakiliwa moja kwa moja kutoka vitabu vya kanisa zinakubalika, lakini zile zilizopachikwa mtandaoni na watu wanaotafuta mababu zao hazikubaliki, kwa sababu aghalabu waandishi wake walisahihisha tahajia ili zifanane na za leo.

Ombi lililozua mjadala mrefu lilikuwa la mwanachama aliyetaka kuitwa Tiphaine. Mhakiki mmoja aliandika kwamba jina hilo ni la wasichana wa Marekani wa miaka ya 1980 na kwamba lirudishwe. Alilisoma na kusikia Tiffany, na hapo masikio yake yalikuwa sahihi, kwa kuwa asili ya majina hayo mawili ni moja: Theophania, jina lililohusishwa na sikukuu ya Epifania ya tarehe 6 Januari. Kilichomponyoka ni umri wake. Tiphaine Raguenel, mke wa kwanza wa kamanda Bertrand du Guesclin, aliishi Brittany katika karne ya 14, na hakuna awezaye kumtoa katika historia kwa sababu ya maduka ya vito ya Tiffany ya New York. Ombi lilipita kwa tahajia ileile aliyoitaka mwombaji.

Kinyume chake kilijitokeza katika faili la pili yake. Mwombaji alileta jina la Vanessa, akasema linasikika kama la malkia wa kasri la zamani, na hakuna mhakiki aliyelitilia shaka alipolisoma mara ya kwanza. Hata hivyo jina hilo kama jina la mwanamke lilibuniwa na mwandishi mwanzoni mwa karne ya 18. Tulimwandikia mwombaji tukamweleza njia iliyobaki: iwapo Vanessa ni jina lake halisi katika kitambulisho, kanuni humruhusu kulitumia katika nafasi ileile linayoshika kitambulishoni. Halikuwa lake. Amechukua muda kufikiri, na hatujamharakisha.

Kuchanganya nyakati na lugha kunahitaji hesabu. Sehemu mbili za jina zikitoka katika kundi moja la lugha, umbali kati ya tarehe zake usizidi miaka 500. Zikitoka katika makundi mawili yaliyothibitishwa kuwa yalichangamana, kama Kiingereza na Kifaransa, umbali usizidi miaka 300. Jina la Paris la 1292 likifuatiwa na jina la pili la London la 1319 halina tatizo lolote. Mwombaji aliyetaka Æthelflæd, jina la mwanamke aliyetawala Mercia, ufalme wa Uingereza ya kale, na aliyefariki mwaka 918, pamoja na jina la ukoo lililopatikana katika kitabu cha parokia cha miaka ya 1590, alikuwa amevuka mpaka kwa zaidi ya karne moja. Badala ya kumrudishia faili tupu tulimpa chaguzi mbili zenye asili ya Kiingereza cha kale ambazo zilidumu hadi wakati wa jina lake la ukoo: Edith, na Audrey, ambalo ni umbo la baadaye la jina la Mtakatifu Æthelthryth wa Ely. Alichagua Audrey siku hiyohiyo.

Vyeo tulivipitia haraka. Jina lisimpe mwenyewe daraja ambalo hajatunukiwa, wala lisimfanye aonekane kuwa ni mtu mashuhuri wa historia au mtoto wa mwanachama aliyekwisha sajiliwa. Walioandika "Sir" walikubali kuifuta bila ubishi.

Machi: rangi na alama

Katika elimu ya nembo rangi zimegawanyika makundi mawili. Kundi la metali lina dhahabu na fedha, ambazo huchorwa pia kwa manjano na nyeupe. Kundi la rangi nzito lina nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Alama ya metali huwekwa juu ya uwanja, yaani usuli wa ngao, wa rangi nzito, au kinyume chake, lakini metali haiwekwi juu ya metali wala rangi nzito juu ya rangi nzito. Sababu yake ni ya macho: ngao ilikuwa itambulike kwa mbali, uwanjani penye vumbi, na mtu aliyevaa kofia ya chuma. Ukiukaji mashuhuri kuliko wote ni nembo ya Ufalme wa Yerusalemu, misalaba ya dhahabu juu ya uwanja wa fedha, na umashuhuri wake unatokana na hilohilo kwamba wengine hawakufanya hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayo mifano mizuri ya kanuni hii ukutani mwa kila ofisi ya serikali. Katika nembo ya Kenya mkanda mwekundu unapita kati ya nyeusi na kijani, rangi tatu nzito zinazogusana, na kinachozitenganisha ni mistari miwili myembamba myeupe. Jogoo mwenye shoka aliye juu ya nyekundu naye ni mweupe. Bendera ya Tanzania inafanya vivyo hivyo: mshazari mweusi umezungushiwa manjano ili usigusane na kijani wala buluu. Waliochora kazi hizo walijua walichokuwa wakikifanya.

Nimetaja mistari hiyo kwa sababu mwombaji mmoja aliileta kama hoja. Alitaka kunguru mweusi juu ya uwanja wa buluu, na alipoambiwa kwamba havionekani alijibu kwamba amzungushie kunguru mstari mweupe, kama bendera ilivyofanya. Hoja yake ilikuwa na akili lakini haikufika. Mstari wa namna hiyo unaruhusiwa kwa maumbo mepesi ya kijiometri yaliyo katikati ya ngao, kama mkanda au msalaba, ambayo hubaki vilevile yakizungushiwa. Kunguru mwenye manyoya, makucha na mdomo akizungushiwa mstari hugeuka kuwa picha ya kubandika. Tukamwomba abadilishe uwanja uwe wa dhahabu. Kunguru mmoja mweusi juu ya dhahabu ni nembo ya kale ya ukoo wa Corbet wa Shropshire, na miundo myepesi ya namna hiyo imeshachukuliwa na wengi. Mwishowe amekubali kunguru wawili waliopeana migongo, juu ya uwanja wa dhahabu, ndani ya ukingo wa buluu. Buluu yake imebaki, kunguru wake wamekuwa wawili, na ngao inasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira.

Yaliyobaki mwezi huu yalikwenda kwa kasi. Shada la majani ya loreli limetengwa kwa ajili ya nembo za matawi na falme, kwa hiyo mshairi aliyelitaka amepewa kalamu ya unyoya. Muuguzi aliyetaka msalaba mwekundu uliokatwa ncha juu ya nyeupe ameelezwa kwamba alama hiyo ni ya Msalaba Mwekundu na inalindwa na mikataba ya Geneva, si na chama pekee. Upanga na jambia havikai pamoja katika ngao moja, kwa kuwa kwa mbali havitofautiani. Aina tatu za alama katika kundi moja hazikubaliki, na jumla ya rangi na aina za alama isizidi nane, isipokuwa kama muundo wenyewe umethibitishwa kwa nembo za kale zinazofanana nao. Wanandoa waliogawa ngao robo nne ili kuunganisha nembo zao wameambiwa kwamba robo hizo huashiria urithi wa koo mbili, na chama hakisajili nembo iliyounganishwa hivyo. Kila mmoja atawasilisha yake.

Aprili na Mei: kufanana kunakozidi

Ugumu halisi wa kazi hii ni kuamua kama ngao mpya inafanana mno na iliyokwisha sajiliwa. Kanuni inataka tofauti bayana mbili kati ya nembo mbili, au badiliko moja kubwa la alama kuu. Kubadilisha rangi ya uwanja ni tofauti moja. Kuongeza ukingo ni tofauti moja. Kubadilisha rangi ya alama, idadi yake au mkao wake, kila kimoja ni tofauti moja. Wageni hulalamika kwamba hesabu hii imetungwa na makarani. Nimekuwa nikiwajibu kwa kesi ya Scrope na Grosvenor, ambayo kila mhakiki angepaswa kuijua.

Mwaka 1385 mfalme Richard II aliongoza jeshi kwenda Uskoti. Katika jeshi hilo Sir Richard Scrope wa Bolton alimkuta Sir Robert Grosvenor wa Cheshire amebeba ngao ileile ya kwake: uwanja wa buluu wenye mshazari mmoja wa dhahabu. Shauri lilipelekwa katika Mahakama ya Uungwana, likaendelea kwa miaka kadhaa, na mashahidi mamia wakahojiwa. Mmoja wao, mwaka 1386, alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyesimulia kwamba alikuwa akipita mtaa wa Friday Street jijini London, akaona ngao ya Scrope imetundikwa nje ya nyumba, akauliza ni nyumba gani ya wageni iliyotundika nembo ya Scrope, akajibiwa kwamba hiyo ni ya mtu aitwaye Grosvenor, jina ambalo hakuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo. Ushahidi wa mtu mmoja mtaani, lakini ndio hasa ushahidi unaohitajika: mpita njia aliona ngao, akamtambua mtu asiye mwenyewe.

Mwaka 1389 Konstebo, ofisa mkuu wa mahakama hiyo, alihukumu kwamba nembo ni ya Scrope, akamruhusu Grosvenor aendelee kuibeba iwapo ataizungushia ukingo wa fedha. Scrope hakuridhika. Rufaa ilipofika kwa mfalme, mwaka 1390, Richard aliamua kwamba ukingo mmoja ni tofauti inayomfaa jamaa wa damu na hauwezi kumtenganisha mgeni na mgeni. Grosvenor aliacha mshazari, akachukua mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu, na kizazi chake kimeubeba hadi leo. Hapo ndipo inapoonekana mantiki ya kanuni yetu. Tofauti moja husema "mimi ni ndugu yake". Anayetaka kusema "mimi si ndugu yake" anahitaji zaidi. Na ndiyo maana mwenye nembo ya kwanza akiandika barua ya ridhaa, tofauti ndogo zaidi hukubaliwa, kwa kuwa yeye mwenyewe amekubali kudhaniwa jamaa.

Tangu niwaeleze wahakiki wapya kesi hii, maandishi ya pembeni yamebadilika. Awali waliandika "inafanana sana". Sasa wanaandika nembo iliyosajiliwa ni ipi, tofauti ya kwanza ni ipi, na ya pili inakosekana wapi, na mwombaji akisoma anajua abadilishe nini.

Juni: faili la Kilwa

Faili hili nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo lililotufundisha mengi, na kwa sababu wengi katika ofisi ya ufalme hawatakuwa na vitabu vyake. Mwombaji ni kijana aliyekulia Lindi. Anamwigiza mfanyabiashara wa Kilwa Kisiwani wa karne ya 14, na jina aliloomba ni Hasan bin Sulaiman. Swali la kwanza la mhakiki lilikuwa kama pwani yetu imo katika mipaka ya chama. Imo: chama hupokea tamaduni zilizogusana na Ulaya kabla ya 1600, na Wareno walifika Kilwa mwaka 1500, Vasco da Gama akatoza kodi ya dhahabu mwaka 1502, na Francisco de Almeida akauteka mji mwaka 1505. Muundo wa jina la mtu, kisha "bin", kisha jina la baba, umethibitishwa kwa sarafu za shaba za Kilwa zenyewe, ambazo upande mmoja huwa na jina la sultani na upande mwingine maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yenye vina vinavyoitikia jina hilo.

Shida ilikuwa palepale penye ushahidi. Al-Hasan bin Sulaiman ni sultani aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizowagawia watu, na sarafu yake imeokotwa hadi Great Zimbabwe. Nilimpigia kijana simu kumweleza kwamba jina lake lingesomwa kama dai la kuwa sultani. Akacheka. "Dada, mimi kiti cha enzi sikitaki. Hasan na Sulaiman ni majina ya ukoo wetu tangu zamani, kila nyumba kwetu yumo mmoja." Nilimwamini, na majina hayo mawili kweli ni ya kawaida mno, lakini kanuni haipimi nia. Babu wa sultani naye aliitwa al-Hasan. Kijana akaongeza babu mwingine, akawa Hasan bin Sulaiman bin Yusuf, na mtu huyo si sultani tena. Barua ya ushahidi imeeleza hayo yote kwa urefu, sarafu na safari ya Ibn Battuta zikiwa zimetajwa, ili asitokee wa kusema kwamba jina linasikika geni.

Ngao yake imetuchukua muda zaidi. Kilwa haikuwa na desturi ya ngao za Kizungu, naye hakutaka simba wa kuazima. Aligeukia Wamamluki, watawala wa Misri wa enzi hizo, ambao maamiri wao walikuwa na nembo za vyeo vya nyumba ya sultani: kikombe kwa saki, yaani mnyweshaji, upanga kwa mbeba silaha, kidau cha wino na kalamu kwa katibu, fimbo za polo kwa msimamizi wa mchezo. Nembo hizo mara nyingi zilichorwa ndani ya duara lililogawanywa sehemu tatu kwa ulalo, alama ikikaa sehemu ya kati. Aliupenda kwanza mchoro wa kidau na kalamu, kwa kuwa ni karani, lakini ule wa Kimamluki ni mchoro wa mistari ambao asiyeufahamu hawezi kuutaja, na kanuni inataka alama itambulike na iweze kuelezwa kwa maneno. Kikombe hakina shida hiyo. Kilikuwapo Cairo na kilikuwapo Ulaya.

Akaleta uwanja mwekundu, mkanda mlalo wa fedha katikati, na kikombe chekundu juu ya mkanda. Rangi zinapatana, hesabu ya alama ni ndogo, muundo ni wa Kimamluki bila kulazimishwa. Uwanja mwekundu wenye mkanda mlalo wa fedha, hata hivyo, ni nembo ya Austria, mojawapo ya nembo za nje ambazo chama kinazilinda. Kuongeza kikombe juu ya mkanda ni tofauti moja tu, na moja, kama Grosvenor alivyoambiwa, haitoshi. Tulimpa chaguo la kuweka mikanda miwili, la kuongeza ukingo, na la kubadilisha uwanja. Amechagua uwanja wa kijani, na sababu aliyoitoa ni kwamba kijani angekichagua tangu mwanzo kama asingedhani kwamba Wazungu wanapenda nyekundu.

Kwa hiyo mbele ya Austria amekamilika: uwanja ni tofauti ya kwanza, kikombe ni ya pili. Bado kumlinganisha na kila aliyesajili uwanja wa kijani wenye mkanda wa fedha na alama moja juu yake, na orodha ya mikanda katika daftari la usajili ni ndefu. Wahakiki wawili wamegawana kazi, mmoja akichukua nembo zenye kikombe mahali popote na mwingine zenye mkanda mlalo. Jina limeshaingizwa katika barua ya ufalme ya mwezi huu pamoja na maombi ya Tiphaine, Audrey na kunguru wawili. Ngao ya kijani itasubiri barua ya Julai, na mchoro wake utafanywa upya, kwa kuwa kikombe alichochora kina mkono mmoja na kinafanana na kikombe cha chai.